Kiddle: Uzio wa Samaki Uliomo Ndani ya Magna Carta

Watu wakitaja Magna Carta, mkataba ambao Mfalme John wa Uingereza aliuridhia Juni 15, 1215 kwenye uwanda wa Runnymede kando ya Mto Thames, hukumbuka ibara mbili. Ya 39 inakataza mtu huru kukamatwa au kufungwa bila hukumu halali ya wenzake au sheria ya nchi. Katika ya 40 mfalme anaahidi kutomuuzia mtu haki, kutomnyima wala kutomcheleweshea. Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huzisoma hizo mbili, wakaendelea na mengine. Ibara ya 33 hurukwa, kwa sababu imebeba neno ambalo hata Mwingereza wa leo halijui. Inaagiza kwamba tangu sasa kila kiddle iondolewe kabisa katika Mto Thames, katika Mto Medway na katika Uingereza nzima, isipokuwa pwani ya bahari.

Mara nyingi ibara hiyo hufupishwa kuwa "mitego ya samaki iondolewe mitoni", na msomaji huachwa akishangaa. Hivi kweli mabwana wenye panga na farasi walimbana mfalme wao mpaka akasalimu amri, halafu katika madai yao wakachomeka mitego ya samaki? Walifanya hivyo, na walijua wanachodai. Msimamo wangu ni kwamba neno hili, ingawa limezaliwa na wavuvi, linahusu mamlaka zaidi kuliko samaki. Linauliza ni nani anayeweza kusimika kitu chake katika njia ya watu wote, na kwa kibali cha nani. Lakini hilo halionekani mpaka uione kiddle yenyewe ikiwa ndani ya maji.

Chukua mto mpana unaopata maji kupwa na maji kujaa, kama ulivyo Thames kuanzia London kushuka hadi baharini. Mwenye kiddle hupigilia nguzo kwenye tope la mto katika mistari miwili inayoanzia mbali na kusogeleana, mfano wa herufi V. Baina ya nguzo husuka fito nyembamba zinazopindika, kama ajengaye nyumba ya udongo anavyosuka ukuta kabla ya kukandika. Maji hupenya kwenye fito, samaki hapenyi. Kwenye ncha ya V huachwa mwanya mwembamba, na hapo hutegwa wavu wa mfuko, au tenga refu lenye mdomo mpana na tumbo linalobana. Maji yanapopwa huvuta kila kilichomo kati ya mikono ile miwili na kukisukuma mwanyani. Mwenye mtego hana haja ya kukesha wala kupiga kasia. Yakishatoka, anashuka na kikapu.

Msomaji wa Vanga, Gazi, Mafia au delta ya Rufiji ameshaitambua. Kwetu huitwa uzio, kwingine wando, na hadi leo husimikwa kwenye fukwe tambarare na vinywani mwa mito penye mikoko. Ufundi ni ule ule: fito, mwelekeo wa maji, chumba cha mwisho ambacho samaki akiingia hatoki. Kinachotofautiana ni mahali. Uzio wa mwambao wetu hukaa kwenye maji mafupi, ambako yakipwa hakuna chombo kinachopita hata kama uzio haupo. Kiddle ya Thames ilikaa ndani ya barabara kuu ya nchi. Enzi zile mzigo mzito haukwenda kwa gari la ng'ombe kama mto ulikuwepo: nafaka, kuni, mawe ya kujengea, sufu na divai vilipanda na kushuka kwa mashua. V mbili tatu zikipangwa ubavu kwa ubavu, kinachobaki ni mfereji ambao nahodha anautafuta kwenye ukungu huku mkondo ukimsukuma. Waswahili tunasema mwenye nguvu mpishe. Kiddle ilikuwa msemo huo uliogeuzwa nguzo na fito, na waliotakiwa kupisha walikuwa wote wapitao.

Neno lenyewe lina safari yake. Katika hati za Kilatini za wakati huo huandikwa kidellus, wingi wake kidelli, lakini si Kilatini cha Roma. Makarani walichukua kidel, neno la Kifaransa cha watawala wa Kinormani, wakalitia mwisho wa Kilatini ili lifanane na maneno mengine ya hati. Kifaransa cha leo bado kina guideau, wavu wa mfuko unaofungwa kwenye nguzo penye mkondo, na Kibretoni kina kidel, wavu wa kinywani mwa kijito. Kwa hiyo ni neno la watu wa pande zote mbili za mlango wa bahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa, watu wanaojua maji ya kupwa na kujaa. Katika Kiingereza utalikuta kwa sura nyingi: kidel, kidell, kiddle, keddle.

Jaji Edward Coke, aliyeifafanua Magna Carta katika karne ya 17, alieleza kwamba hili ndilo neno mahususi la vizuizi vya mtoni vilivyo wazi, vya kukamatia samaki. Sifa hiyo ya kuwa wazi ina uzito. Kiddle haizuii maji. Wanaoitafsiri kuwa bwawa la samaki wanakosea, na wanaotosheka na neno la jumla la Kiingereza cha leo, fish-weir, wanaficha jambo. Weir huweza kuwa ukuta wa mawe unaopandisha maji ili yazungushe kinu cha kusagia nafaka, na vinu vilikuwa mali ya mabwana wakubwa na nyumba za watawa. Mabwana waliokusanyika Runnymede walitaja kiddle tu. Vinu vyao hawakuvitaja. Ilibidi kungoja sheria ya Edward wa Tatu, katikati ya karne ya 14, ndipo orodha ikarefushwa: vinu, kuta za mito, mabwawa, nguzo na kiddle, vyote vilivyojengwa mitoni tangu enzi za Edward wa Kwanza vibomolewe. Anayesoma ibara ya 33 kana kwamba ilifungua mito yote kwa pigo moja ameisoma kwa ukarimu kuliko walioiandika.

Tena vita dhidi ya kiddle havikuanzia Runnymede. Mwaka 1197 Mfalme Richard wa Kwanza, kaka yake John, alitoa hati ya kuamuru kiddle zote za Thames ziondolewe kwa sababu zimelitia hasara jiji la London na ufalme mzima. Ndani ya hati hiyo kuna kauli ninayoiona nzito kuliko amri yenyewe: mfalme anaachilia mapato ambayo walinzi wa Mnara wa London walizoea kuyapokea kila mwaka kutokana na kiddle hizo. Kumbe kizuizi kilikuwa na mlipaji na mpokeaji. Aliyetaka kufunga kipande cha mto alikwenda kwa mkuu wa ngome ya mfalme, akatoa fedha, akaachiwa. Manahodha wote walilipa gharama ya mapatano ambayo hawakuwa sehemu yake. John naye aliithibitisha hati ya kaka yake mwaka 1199, alipotawazwa. Miaka 16 baadaye ikabidi aambiwe tena, safari hii kwa kushurutishwa. Amri inayorudiwa mara tatu katika miaka 18 ni ushahidi kwamba haikutekelezwa.

Kwa nini London ilisikilizwa mwaka 1215? Kwa sababu Mei 17 ya mwaka huo ilifungua malango yake, mabwana waasi wakaingia, na mfalme akapoteza jiji lake kubwa kuliko yote. Bila London, John asingekaa mezani mwezi uliofuata. Jiji lilidai malipo. Ibara ya 13 inalihakikishia uhuru wake wa kale nchi kavu na majini, ibara ya 35 inasawazisha vipimo vya divai, pombe na nafaka, ikitumia kipimo cha London kwa nafaka, ibara ya 41 inawapa wafanyabiashara usalama wa kusafiri, na meya wa London akawekwa miongoni mwa watu 25 wa kumsimamia mfalme asivunje ahadi. Ibara ya kiddle ni ya familia hiyo. William McKechnie, mchambuzi mashuhuri wa Magna Carta wa mwanzoni mwa karne ya 20, alisisitiza kwamba shabaha yake ilikuwa kufungua njia ya vyombo, na kwamba kuhifadhi samaki hakukuwemo. Nakubaliana naye. Waliofaidika siku ya kwanza ni wenye mashua na wenye mizigo.

Na waliopoteza? Hapa sipendi hadithi ya mkato inayosema mnyonge alishinda. Kitabu cha Domesday, ile sensa ya mali aliyoifanya William Mshindi mwaka 1086, kinaorodhesha mahali pa kuvulia samaki ndani ya mashamba ya mabwana, na mara kwa mara kodi yake imeandikwa kwa idadi ya mikunga, mamia kwa maelfu. Mitego ya mitoni ilikuwa mali, na mali hiyo ilikuwa ya kanisa, ya watawa na ya wenye ardhi. Kanisa lilikataza nyama siku za mfungo, ambazo zilikuwa nyingi kila mwaka, hivyo anayeshika mdomo wa mto alishika soko. Lakini aliyesuka fito, aliyesimama kiunoni katika maji baridi kupigilia nguzo, aliyekodi mwanya mmoja wa mtego kulisha watoto, huyo hatajwi na hati yoyote kati ya hizi. Kiddle ilipong'olewa, bwana alipoteza kodi. Huyu alipoteza chakula. Wote wawili wamo ndani ya neno moja, na sheria haikuwatenganisha.

Utekelezaji ulipokuja, ulikuja kwa mkono wa jiji. Katika mwaka wa 21 wa utawala wa Henry wa Tatu, yaani kati ya 1236 na 1237, Jordan wa Coventry, mmoja wa masherifu wa London, alitumwa kushuka mtoni kuelekea baharini kuondoa kiddle zilizosumbua Thames na Medway. Alirudi na watu aliowakamata pamoja na nyavu zao. Walishtakiwa mbele ya mfalme, wakatozwa faini ya pauni 10 kila mmoja, fedha nyingi mno wakati huo, na nyavu zikachomwa moto. London iliendelea kujihesabu mlinzi wa mto mpaka 1857, ulipoundwa uongozi mpya wa Thames. Sheria iliyoanza kama ombi la wafanyabiashara wa mjini iliwapa wafanyabiashara hao rungu la kuwapiga nalo wavuvi wa kaunti jirani. Ndiyo maana naitaja habari hii pale mtu anaponiambia ibara ya 33 ni ya uhuru mtupu. Ni ya uhuru wa kupita. Huo nao ni uhuru, na ni mkubwa, ila ulikuwa na gharama, na waliogharimika walikuwa na sura.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mwisho ya ibara: isipokuwa pwani ya bahari. Kilatini chake, nisi per costeram maris, ni maneno manne ambayo wafupishaji huyakata kwanza. Kwangu ndiyo yenye utajiri. Waandishi wa mkataba walijua kwamba chombo kile kile kikihamishwa kutoka mtoni hadi ufukweni hakiudhi mtu: pale hakuna mfereji wa kuziba, bahari ni pana, maji yakitoka panabaki mchanga. Hawakuichukia zana, walichukia mahali pake. Na pwani ya Uingereza ilikuwa imejaa mitego ya namna hiyo tangu kale. Kwenye mlango wa Mto Blackwater, kaunti ya Essex, bado yapo mabaki ya nguzo na fito zilizosukwa kwa umbo la V, ya enzi za Wasaksoni, karne kadhaa kabla ya Mfalme John kuzaliwa. Huonekana maji yanapokupwa sana.

Basi tazama kilichotokea kwa neno. Huko mitoni, lilikopigwa marufuku, lilikauka likabaki kwenye vitabu vya mawakili. Ufukweni, lilikoachiwa, liliendelea kuishi midomoni mwa watu. Kwenye fukwe za Kent na Sussex, kuanzia Dungeness hadi Camber na Rye, wavuvi walisimika nguzo ndefu mchangani, wakatandaza nyavu juu yake, wakangoja makundi ya samaki wa jamii ya vibua yanayosogea ufukweni majira ya joto. Waliziita keddle nets au kettle nets, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Mgeni anayesikia kettle hudhani ni birika. Hapana birika pale. Ni kiddle ya 1215 iliyochakaa matamshi. Sheria iliyoandikwa kwa Kilatini na wino wa makarani iliamua, bila kukusudia, ni kijiji gani kitahifadhi neno na kipi kitalisahau. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa ibara ya sheria kuchora ramani ya lahaja.

Kutokana na hapo limezuka dai linalopendwa sana, kwamba usemi wa Kiingereza wa kusema mambo yameharibika, a pretty kettle of fish, ulianzia kwenye kiddle: wavu umevurugika, samaki na magugu vimechanganyika, mwenye mtego ameshika kichwa. Dai linavutia, lakini mimi siliamini. Usemi huo ulikuwa umeshaenea katika karne ya 18, na karne hiyo hiyo wasafiri walieleza desturi ya kando ya Mto Tweed, mpakani mwa Uskoti, ambako watu walikwenda matembezi mtoni, wakachemsha samoni aliyetoka majini katika sufuria kubwa na kula hapo hapo, na karamu yenyewe wakaiita kettle of fish. Sufuria inatosha kueleza sufuria. Kiddle ina historia yake iliyothibitika na haihitaji kuazimiwa nyingine.

Maana ya ibara nayo haikukaa pale ilipoachwa. Mwaka 1472, chini ya Edward wa Nne, Bunge liliikumbusha nchi juu ya Magna Carta na kueleza sababu za kuondoa vizuizi: kwanza meli na mashua zipite kwa nafasi, kisha vifaranga vya samaki vinavyozaliwa mitoni visalimike. Samaki ndio hao wanaingia, karne mbili na nusu baada ya Runnymede. Baadaye mawakili walikwenda mbali zaidi. Waliiunganisha ibara ya kiddle na ile ya kingo za mito, iliyokuwa imehusu mito ambayo mfalme aliitenga kwa ajili ya uwindaji wake wa ndege, wakapata kutoka humo kanuni kwamba tangu Magna Carta mfalme hana tena uwezo wa kumpa mtu mmoja haki ya kipekee ya kuvua katika maji yanayopwa na kujaa. Mwaka 1863 Baraza la Mabwana la Uingereza, katika kesi ya Malcolmson dhidi ya O'Dea iliyohusu uvuvi wa Mto Shannon huko Ireland, likaitamka kanuni hiyo kama jambo lililokwisha amuliwa: katika maji hayo haki ya kuvua ni ya umma, isipokuwa mtu athibitishe kwamba haki yake ya peke yake ilikuwapo kabla ya mkataba.

Kihistoria ni usomaji uliopinda. Ibara ilihusu vyombo vya London, si nyavu za maskini wa Shannon. Wapo wanaosema kwa hiyo kanuni yote ni kosa la mawakili. Nami nasema tofauti: majaji walikosea kuhusu 1215 lakini walipatia kuhusu kiini cha kiddle. Ukimkataza mtu kuziba mto kwa fito, umeshakiri kwamba mto una wenyewe wengi. Hatua kutoka kupita hadi kuvua ni fupi, na waliopita hatua hiyo walifuata mantiki iliyokuwamo ndani ya katazo lenyewe. Nisichokubali ni kuidanganya historia ili kuipamba haki. Haki ya umma ya kuvua inasimama vizuri bila kusingizia kwamba mabwana wa Runnymede waliwawazia wavuvi.

Kasoro kubwa ya sheria hizi iko kwingine, nayo inanikera kila niisomapo: tarehe. Kila sheria mpya ilibomoa vizuizi vipya na kusamehe vya zamani. Katika kesi ya Williams dhidi ya Wilcox ya mwaka 1838, watu waliovunja sehemu ya kizuizi katika Mto Severn ili mashua yao ipite walishindwa, kwa kuwa mahakama ilikubali kwamba kizuizi kilichoruhusiwa na mfalme kabla ya enzi za Edward wa Kwanza ni halali hata kikiudhi. Sheria ya samoni ya 1861 iliendeleza mwendo huo: ilipiga marufuku zana za kusimikwa kwa ajili ya samoni, ila zile za haki ya kale zikaachwa, na mwaka 1865 ikaundwa kamisheni ya kuzikagua na kuzipa vyeti. Ndiyo maana safu za matenga ya Severn yaitwayo putchers, yaliyopangwa kwa mamia kwenye fremu za mbao kuukabili mkondo, ziliendelea kuonekana hadi enzi zetu. Ni kazi ya mikono ya kuheshimika na sina ugomvi na wasukaji wake. Ugomvi wangu ni na kanuni. Anayeweza kuonyesha karatasi ya karne sita ni mwenye jumba na kasri. Mvuvi hana kabati la hati. Sheria inayosamehe cha kale husamehe chenye nguvu, na hujiita ya haki kwa wote.

Waskoti walichukua njia ambayo naiona bora. Mtego wao wa mtoni huitwa cruive, ndugu yake kiddle, na badala ya kuung'oa kila mahali waliufungia masharti tangu zama za kati: nafasi kati ya fito iwe ya kutosha vifaranga kupita, na kila juma, tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi, mwanya uachwe wazi samaki wapande mto. Mapumziko hayo huitwa Saturday slap. Wa juu ya mto naye akapata sehemu yake, mzazi wa samaki akafika anakotagia, mtego ukabaki. Sheria hiyo nayo ilivunjwa mara nyingi. Lakini ilijua kitu ambacho amri ya kung'oa haikijui, kwamba zana moja inaweza kuwa dhuluma Jumamosi usiku na riziki halali Jumanne.

Haya yangekuwa ya Waingereza na Waskoti peke yao kama sheria yao isingevuka bahari. Ilivuka. Kenya ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayojengwa na maamuzi ya majaji) kwa tarehe ya Agosti 12, 1897, Tanganyika kwa tarehe ya Julai 22, 1920, na pamoja nayo ikaja ile dhana kwamba maji yanayopwa na kujaa ni ya umma mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeiandika kwa lugha yake yenyewe: ibara ya 62 inaitaja ardhi iliyo kati ya maji makuu na maji kupwa, pamoja na mito na maziwa, kuwa ardhi ya umma. Uzio wa Vanga leo umesimikwa juu ya ardhi ambayo Katiba imeitaja.

Mjadala wetu wa zana za uvuvi, hata hivyo, bado unafanana na amri ya 1197. Kenya ilipiga marufuku juya, wavu wa kukokota, mwaka 2001. Tanzania inalikataza katika kanuni zake za uvuvi, na kwenye Ziwa Viktoria kokoro limechomwa hadharani mara nyingi, kama nyavu za mwaka wa 21 wa Henry. Zana hizo huharibu kweli. Juya linalokwangua nyasi za bahari na kuzoa vifaranga siwezi kulitetea, wala sitaki litetewe. Uzio ni jambo jingine. Ukisukwa kwa macho mapana, ukawekwa pasipo mazalia, ukafunguliwa siku zilizokubaliwa na kijiji, unaacha samaki wadogo na haukwangui kitu. Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, vina uwezo wa kupendekeza masharti ya aina hiyo, mwalo kwa mwalo. Navisihi viandike siku ya kufungua uzio katika kanuni zao ndogo, kwa jina la siku na saa ya maji.

Na wanaotafsiri sheria nao wasiogope neno letu. Kiddle waiite uzio wa samaki, waongeze kwamba ni wa mtoni, na wasilete bwawa. Katika Uingereza yenyewe ibara hiyo ilikwisha kufutwa mwaka 1969, katika usafishaji wa sheria zilizochakaa, maana hakuna aliyekuwa na kiddle ya kung'oa katika Thames. Kwenye ufukwe wetu bado wapo watu wanaokata fito leo asubuhi kwa ajili ya bamvua lijalo. Katika maji haya, anayestahili kuulizwa kwanza kibali chake kimetoka kwa nani ni mwenye ukuta wa zege ulioingia hadi mstari wa maji kupwa. Mwenye fito aulizwe baada yake.